Ukienda Msasani, Uliza Kwa Mwalimu

Wageni wengi wanaojisifu kuwa walikaa Msasani hawakufika Msasani. Walilala Masaki, wakanywa kahawa Slipway, wakaogelea Bongoyo, wakarudi zao uwanja wa ndege. Rasi nzima inaitwa kwa jina hilo, ndiyo maana kila hoteli inajipachika. Msasani yenyewe, yenye wavuvi, misikiti, vibanda vya chipsi na vichochoro ambavyo bajaji mbili hazipishani, iko upande wa ghuba, nyuma ya maghorofa. Mimi naipenda kwa sababu ambayo vipeperushi vya hoteli havina habari nayo: hapa ndipo mwalimu mmoja wa sekondari alipoamua kulea watoto wake, ilhali Ikulu ilikuwa yake.

Historia yake inajulikana, lakini inafaa kuifuata kwa nyumba alizoishi. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, kijiji cha Wazanaki huko kaskazini, Aprili 1922. Alimwoa Maria Gabriel Januari 1953, akiwa mwalimu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1955, siasa za chama chake cha TANU zilipogongana na kazi ya ualimu, aliacha kazi. Kabla ya kurudi mjini kabisa alikaa kwao Mara akiwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll ili apate chochote. Familia ikahamia Magomeni, na Mama Maria akafungua duka dogo la mafuta ya taa kusaidia nyumba. Baada ya uhuru wakaingia Ikulu, lakini hawakukaa sana. Katikati ya miaka ya 1960 walihamia Msasani, kwenye nyumba ya kawaida kando ya bahari, na Ikulu ya Magogoni ikabaki ya kazi. Walijaliwa watoto wanane. Mkuu wa nchi huyu aliendelea kushika kalamu kama mwalimu. Tafsiri yake ya tamthilia ya Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969.

Sasa onyo, maana hapa ndipo wageni wanapokosea adabu. Nyumba ya Msasani si makumbusho. Ni nyumba ya familia. Hakuna tiketi, hakuna mwongozaji, na ulinzi upo. Ukimwambia dereva wa bajaji "kwa Mwalimu" anakufikisha mtaani bila maswali, lakini ukifika usigonge geti wala usiinue simu kupiga picha. Akijitokeza kijana wa kukwambia ana ndugu yake ndani, umpe kidogo akuingize, mwambie asante, kaka, kisha endelea na safari yako. Na ukitoka hapo ukapita mbele ya ubalozi wa Marekani kwenye Barabara ya Old Bagamoyo, simu ibaki mfukoni. Ubalozi huo ulihamia huko baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998, na walinzi wake hawataki kusikia hadithi ya mtalii.

Anayetaka kuonja maisha ya mwalimu yule aanze na Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, alikokuwa akisali. Nenda kwenye misa ya asubuhi, kaa nyuma, vaa nguo za heshima. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza kuwa mwenye heri, na waumini humwita Mtumishi wa Mungu, kwa hiyo usishangae ukikuta watu wanaomwombea kwa dhati kabisa. Ukitoka hapo, nenda Magomeni.

Nyumba ya Magomeni ndiyo imefanywa makumbusho, na ndiyo ninayomshauri kila mtu. Ni ndogo. Unaweza kuimaliza kabla chai yako haijapoa, lakini hapo unaona vyumba ambamo familia ya mwalimu asiye na mshahara ililala, ikapika na kupokea wageni wa TANU waliokuwa wakija bila taarifa. Toka Msasani chukua bajaji hadi kituo cha Morocco, halafu panda basi la Mwendokasi. Shuka Magomeni, uulizie nyumba ya Mwalimu, mtaa wa Ifunda. Ukipata mzee wa mtaa, mwamkie shikamoo kwanza ndipo uulize njia. Utaelekezwa na pengine utasindikizwa.

Kuhusu usafiri nina kisirani, nivumilie. Mwendokasi ni mkombozi saa nne asubuhi. Saa kumi na moja jioni ni mieleka. Watu wanaingilia hata mlango wa kushukia, begi lako linasafiri upande mmoja na wewe upande mwingine, na simu iliyo mfuko wa nyuma imeshapata mwenyewe. Daladala za Masaki na Msasani unazipata kituo cha Makumbusho na Kariakoo. Soma kibao cha mbele, kisha muulize konda kama kweli anafika mwisho, maana wengine wakiona foleni wanakata ruti katikati na kuwashusha njiani. Nauli imepangwa na mamlaka ya usafiri, LATRA, nayo ni ya mamia ya shilingi, hivyo usitoe noti ya elfu kumi ukategemea chenji.

Kero yangu kubwa ni bodaboda na bajaji za kuita kwa simu. Bei inaonekana kwenye skrini, dereva anakubali, anafika, kisha anaanza: "Bosi, hiyo bei ya kwenye simu haitulipi. Katisha safari tukubaliane." Ukikatisha, umepoteza kumbukumbu yote ya safari, na bei mpya haina mwamuzi. Usikatishe. Mwambie akatishe yeye, kisha ita mwingine. Bajaji ya mtaani isiyo na simu ina nafuu kwa sababu mnapatana kabla ya kupanda, uso kwa uso. Uliza bei kwa muuza matunda kwanza, ndipo umfuate dereva. Na ukiwa na ndege ya jioni siku ya Ijumaa, toka mapema kuliko unavyodhani ni mapema: barabara za Kimweri na Mwai Kibaki huziba kabisa. Kwenda mjini, mwambie dereva apite Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Linapita juu ya bahari kutoka upande wa Coco Beach hadi karibu na hospitali ya Aga Khan, na linakuepusha na daraja la Selander.

Masaki? Sioni cha kumpeleka mtu huko kwa miguu. Ukuta, geti, waya wa umeme, bango la MBWA MKALI. Ukuta mwingine, bango jingine. Mbwa wenyewe huwaoni, unawasikia tu wakikusindikiza kwa kubweka kutoka geti hadi geti, na njia ya waenda kwa miguu inakatika kila penye bustani ya mtu. Coco Beach nayo imesifiwa kupita kiasi. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili ni mitamu, sikatai, lakini Jumapili jioni muziki wa vibanda unapigana wenyewe kwa wenyewe hata hamsikilizani. Nenda siku ya kazi. Slipway ina faida moja kwangu: boti za Bongoyo zinaondokea hapo. Kisiwa hicho ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo pamoja na nauli ya boti kuna kiingilio cha hifadhi. Uliza vyote viwili kabla ya kulipa. Kwa picha za Tingatinga, nenda kwenye ushirika wa wachoraji pale Morogoro Stores, Oysterbay, ununue kwa aliyeshika brashi.

Kwenye mikahawa ya pwani soma menyu hadi mstari wa chini kabisa. Kuna mahali nilipoletewa bili iliyoongezwa VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma juu yake, vyote vikiwa vimeandikwa kwa herufi za kuhitaji miwani. Na tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi, bila ugomvi.

Chakula kizuri kiko ufukweni Msasani, asubuhi, ngalawa zinaporudi. Samaki wanamwagwa kwenye turubai: changu, kibua, pweza aliyejikunja, ngisi bado wanabadilika rangi. Mnadishaji anataja bei, akina mama wenye mabeseni wanaishusha kwa kukunja midomo tu, bila neno, na fungu linaondoka kabla mgeni hajaelewa limeuzwa kwa nani. Usijitie kwenye mnada. Msubiri mama aliyenunua, mwambie, "Mama, nikaangie huyu," mkubaliane, naye atakukaangia papo hapo. Changu wa moto, ndimu, pilipili, ugali kutoka kwa mama ntilie wa jirani. Picha piga baada ya kula na baada ya kuomba ruhusa.

Wanaokuja kukaa miezi wajihadhari na madalali wa nyumba. Wanataka ada ya kuonyeshwa, wanakuonyesha nyumba yenye mpangaji anayekula chakula cha mchana, wanaomba ada nyingine kesho yake. Lipa dalali baada ya kuonana na mwenye nyumba, si kabla. Jiandae kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Na usikubali nyumba ya Bonde la Mpunga hadi umeiona wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kiangazi panavutia na kodi ni nafuu. Mvua zikianza, maji yanaingia sebuleni na viti vinapanda juu ya meza.

Aliyeshikwa na hamu ya kumfuata Mwalimu hadi mwisho atapanda basi la Musoma kituo cha Magufuli, Mbezi. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na akazikwa Butiama, Mwitongo, kwenye boma la wazazi wake. Makumbusho ya huko yana nafasi na utulivu zaidi kuliko ya Magomeni. Safari ni ya siku nzima au usiku kucha, basi likipenda. Kata tiketi dirishani kwa kampuni yenyewe, usimkabidhi hela kijana anayekupokea getini akikuvuta mkono. Ila ukiwa na asubuhi moja tu Dar es Salaam, iache Masaki na mbwa wake, nenda Magomeni.