Kiambishi, Jina na Ukoo: Lugha ya Familia kwa Mtoto Aliyebadili Jinsia katika Bonde la Ufa

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza namna lugha inavyoweza kumkubali au kumkana mtoto anayekua akijitambua kwa jinsia isiyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Eneo linalozingatiwa ni Nakuru na viunga vyake, vikiwemo Njoro, Molo na Subukia, ambako Kiswahili huwakutanisha wasemaji wa Kikalenjin, Kikikuyu, Kiluhya, Kijaluo na Ekegusii. Hoja kuu ni kwamba msaada wa familia hudhihirika kwanza katika majina ya kuitana.

2.0 Suala la istilahi
Dhana mbili hukanganywa mara kwa mara. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoweza kuainishwa moja kwa moja kuwa ya kike au ya kiume. Sensa ya 2019 ilihesabu watu huntha 1,524 nchini Kenya, 95 kati yao wakiwa Nakuru. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto huntha atendewe kwa heshima. Aliyebadili jinsia ni mwingine: maumbile yake hayakuzua shaka alipozaliwa, ila nafsi yake haikuafikiana na alivyoitwa. Sensa hiyo haikumtengea nafasi. Hata istilahi yenyewe ina kasoro, kwani kitenzi "kubadili" hudokeza tendo la siku moja, ilhali wengi husimulia kuwa walijijua hivyo tangu utotoni.

3.0 Jinsia katika sarufi na katika majina
Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibagui. "Amerudi kutoka shuleni" husemwa juu ya mvulana na msichana vilevile. Jinsia hujitokeza kwingine: katika "kaka" na "dada", na katika "kuoa" na "kuolewa". Katika Kikalenjin hujitokeza ndani ya jina: aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Kiprop akiwa mvulana, Cherop akiwa msichana. Kwa Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Hivyo kuliacha jina hilo ni kuugusa ukoo mzima.

Hapa ndipo familia hupimwa. Mzazi wa Kiprop akiambiwa na mwanawe kwamba yeye ni msichana, Kiswahili humpa muda: anaweza kuendelea kusema "mwanangu" na "amekula?" bila kumkosea. Muda huo huisha mgeni anapouliza, "Huyu ni nani wako?" Anayejibu "ni binti yangu" amekwisha kuchagua upande. Aidha, anayemwita Cherop amebadilisha kiambishi tu. Shina limebaki, na mvua ya siku ya kuzaliwa haikukanwa.

4.0 Jina mbele ya sheria
Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti cha KCSE chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Mahakama yaweza kuamuru cheti. Haiwezi kumwamuru shangazi aite kwa upendo.

5.0 Hitimisho
Imebainika kuwa sarufi ya Kiswahili haimfungii mlango mtoto huyu. Mlango hufungwa na msamiati wa dharau kama vile "hanithi". Wanaleksikografia wana wajibu wa kutenganisha istilahi na matusi, ili mzazi anayetaka kumtetea mwanawe asikose neno la kusema.