Je, Mmea Hukumbuka?

Watoto, huku Burungu maharagwe mnayajua vema. Jioni moja ingieni shambani, mkatazame majani yake. Mchana yalikuwa yametandaa. Sasa yameinama kama mabawa ya kuku alalaye. Asubuhi yatainuka tena. Ni nani ayaamshaye?

Labda mtajibu: "Ni jua." Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques de Mairan, alitaka kujua kama ndivyo. Alichukua mmea ufungao majani yake usiku, akauweka gizani. Ingawa haukuona jua, majani yaliendelea kufunguka mchana na kujifunga usiku. Basi, mmea una saa yake ndani. Hata mharagwe unayo.

Sasa tutazame mmea mwingine, kifauongo. Ni mmea mdogo wenye miiba. Ukiugusa, majani hujikunja upesi, nawe utadhani umekufa. Ndiyo maana ya jina lake. Hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Maji huhama ndani ya vifundo vya majani, nayo majani huanguka.

Mwaka 2014 mtaalamu Monica Gagliano na wenzake walieleza jaribio lao. Waliangusha vyungu vya kifauongo mara 60, kila mara sentimeta 15 tu, bila kuuumiza mmea. Mwanzoni majani yalijifunga. Baadaye yalibaki wazi. Je, yalikuwa yamechoka? Hapana. Mmea ulipotikiswa kwa namna nyingine, yalijifunga tena. Hata baada ya siku 28, mimea ilipoangushwa, haikujali.

Wataalamu wengine hawakukubali kwamba huko ni kukumbuka kama kwetu. Mwaka 2019 Lincoln Taiz wa Marekani na wenzake waliandika kwamba mimea haina fahamu, wala haiihitaji.

Basi tupime maneno yetu. Njia yenye tope hushika nyayo, lakini haimjui aliyepita. Mmea hupita njia hiyo, kwa kuwa hubadili matendo yake kufuata yaliyoupata. Lakini kushika alama si sawa na kujua. Neno la kwanza limeonekana kwa majaribio. La pili bado halijathibitishwa. Mwenye akili hasemi zaidi ya alivyoona.

Maswali
1. De Mairan aliuweka mmea gizani kwa sababu gani?
2. Tunajuaje kwamba kifauongo hakikuchoka?
3. Tazama mharagwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Chora majani yake kila mara.