Karatasi Zilizo Nyuma ya Kidonge cha TLD
Namna ya kusoma hataza ya dawa: kijitabu kwa wakazi wa Njombe na Makambako

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022-23 ulikuta kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na virusi, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania Bara uliofikia kiwango hicho. Kwa hiyo suala la nani anaruhusiwa kutengeneza dawa za kufubaza virusi, na kwa bei gani, linatugusa sisi kabla ya kumgusa mwingine yeyote nchini.

Kliniki za huduma na matibabu ya VVU (CTC) hutoa dawa hizi bure. Lakini kila kichupa kimenunuliwa, ama kwa fedha za Serikali, ama za Mfuko wa Dunia, ama za wafadhili wengine, na bei ikipanda, fedha zilezile huhudumia watu wachache zaidi. Bei hiyo hutegemea sana hataza, yaani haki ambayo nchi humpa mvumbuzi azuie wengine kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Kiwango kinachofuatwa duniani ni miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Tunaandika kwa ajili ya watumiaji wa dawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye maduka ya dawa na madiwani. Hati ya hataza husomeka, na asiye mwanasheria anaweza kuisoma akapata jibu analolihitaji.

Anzia kwenye madai

Hati ya hataza ya dawa inaweza kuwa na mamia ya kurasa. Sehemu kubwa ni maelezo ya kikemia na majaribio. Zenye nguvu ya kisheria ni aya zenye namba zinazowekwa mwishoni, zinazoitwa madai. Madai ni kama mawe ya mpaka wa shamba: kilicho ndani ni cha mwenye hati, kilicho nje ni cha kila mtu, hata kama maelezo ya kurasa za mwanzo yamekitaja. Dai la kwanza kwa kawaida ndilo pana kuliko yote, na yanayofuata hulipunguza hatua kwa hatua. Soma la kwanza kwa utulivu, mara mbili ikibidi.

Kisha jiulize dai limeshika kitu gani. Likishika molekuli yenyewe, ni zito, kwa sababu mtengenezaji mwingine hana pa kupitia. Likishika aina fulani ya chumvi au fuwele ya molekuli hiyo, mkemia mzuri anaweza kutumia aina nyingine. Likishika njia ya kutengeneza, mwenye njia tofauti yuko huru. Likishika mchanganyiko wa dawa mbili au tatu katika kidonge kimoja, dawa mojamoja bado zinaweza kuwa wazi. Kampuni nyingi huwasilisha maombi ya aina hizi kwa zamu, miaka kadhaa baada ya lile la kwanza, ili ulinzi wa molekuli ukiisha, mengine yaendelee kuwaweka washindani pembeni. Ndiyo maana anayesema "hataza ya dawa hii inaisha mwaka fulani" aulizwe mara moja: ipi?

Tuchukue TLD, kidonge ambacho wengi wetu tunakijua. Ndani yake mna dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Maombi ya msingi ya lamivudine yalianza mwaka 1990. Yale ya tenofovir ya vidonge, inayotokana na molekuli ya mkemia Antonín Holý wa Prague, yaliwasilishwa katikati ya miaka ya 1990. Miaka 20 ya zote mbili imeshapita. Inabaki dolutegravir, iliyovumbuliwa kwa ushirikiano wa Shionogi ya Japani na GlaxoSmithKline ya Uingereza na sasa kushikwa na kampuni ya ViiV Healthcare. Maombi ya kimataifa ya molekuli hiyo yaliwasilishwa Aprili 2006, hivyo miaka 20 yake inatimia Aprili 2026, ingawa nchi kama Marekani huongeza muda. Maombi mengine, ya kuchanganya dolutegravir na dawa nyingine, ni ya mwaka 2011, na hayo yanaelekea 2031.

Hataza haivuki mpaka, dawa huvuka

Hataza ina nguvu katika nchi iliyosajiliwa tu. Kwa Tanzania Bara usajili hufanywa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, au kupitia shirika la miliki bunifu la kanda, ARIPO, lililoko Harare, ambako mwombaji hutaja nchi anazotaka zimlinde. Zanzibar ina ofisi yake. Asiyesajili hapa hana haki hapa.

Wengi huishia hapo wakashusha pumzi, na kwa maoni yetu hapo ndipo uchambuzi mwingi unapokosea. Karibu dawa zote za VVU zinazofika kwetu zinatengenezwa nje, hasa India. Hataza iliyosajiliwa India inaweza kukizuia kiwanda cha Hyderabad kisitengeneze, na kama hakikutengeneza, hakuna cha kupakuliwa bandarini Dar es Salaam, wala cha kupandishwa kwenye lori la kuja Makambako. Ukitaka kujua kesho ya dawa Njombe, chunguza kwanza hali ya hataza huko inakotengenezwa.

Historia inathibitisha hilo. Kwa miaka mingi sheria ya India ililinda njia za kutengeneza dawa na kuziacha dawa zenyewe wazi. Ndiyo sababu Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai iliweza kulipatia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka ofa ya dawa tatu za VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati dawa zenye hataza zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000. Mwaka 2005 India ilianza kulinda dawa zenyewe. Hata hivyo ilibakiza kifungu kinachokataa hataza kwa umbo jipya la dawa ya zamani lisiloonyesha ubora zaidi katika tiba, na tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikitumia kuikatalia Novartis hataza ya dawa ya saratani, Glivec.

Tanzania, kwa kuwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, hailazimishwi na Shirika la Biashara Duniani kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Ni nafasi kubwa. Lakini haifuti yenyewe hataza iliyokwisha kusajiliwa hapa, mpaka sheria ya nchi iitumie.

Nani mwingine anaweza kuitengeneza?

Baada ya madai na nchi, tafuta leseni. Aprili 2014 ViiV iliipa leseni ya dolutegravir Hazina ya Hataza za Dawa ya Geneva, chombo kilichoanzishwa mwaka 2010 ili kampuni nyingi ziruhusiwe kutengeneza dawa moja na kuuza katika nchi zinazotajwa. Watengenezaji kadhaa wa India waliingia, wakashindana. Mwaka 2017 bei ya TLD kwa nchi zetu ilikubaliwa kuwa takribani dola 75 kwa mwaka. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza bei ya chini ya dola 45. Hataza ilikuwa bado hai miaka yote hiyo. Kilichoshusha bei ni idadi ya walioruhusiwa kushindana.

Soma leseni kwa jicho lilelile la madai, hasa orodha ya nchi. Lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ni mfano unaoumiza. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo aliyeambukizwa. Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola 28,218 kwa mwaka. Oktoba 2024 Gilead ilitoa leseni kwa kampuni sita zitengeneze kwa ajili ya nchi 120, na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 matoleo ya Hetero na Dr. Reddy's yatauzwa kwa takribani dola 40 kwa mwaka. Sisi tumo kwenye orodha. Brazili, Argentina, Meksiko na Peru, ambako dawa hii pia ilijaribiwa kwa watu, hazimo. Kwetu hilo ni dhuluma, na tunaona vyema kulisema hata kama halikutupata.

Leseni ikikosekana, sheria nyingi, yetu ikiwamo, zina leseni ya lazima na matumizi ya Serikali, yaani ruhusa ya kutumia uvumbuzi bila idhini ya mwenye hataza. Jirani yetu Rwanda mwaka 2007 ilitoa taarifa kwamba itaagiza dawa za VVU kutoka kiwanda cha Apotex cha Kanada chini ya utaratibu wa aina hiyo. Zilifika mwaka uliofuata. Njia hiyo haijatumika sana, kwa kuwa taratibu zake ni nyingi mno kwa shehena moja.

Kwa mwenye ndoto ya kuzalisha hapa

Idofi, Makambako, ambako Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha mipira ya mikono, kumewafanya wengi waulize kama vidonge vya VVU navyo vinaweza kutengenezwa kwetu. Kampala kiwanda cha Quality Chemicals kimekuwa kikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kwa ubia ulioanza na Cipla. Anayefikiria hivyo asianze na hataza peke yake. Aulize BRELA na ARIPO ni nini kiko hai, asome masharti ya leseni, kisha ajue kwamba kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ni suala lingine kabisa, maana TMDA huangalia ubora na usalama wa dawa. Hata hataza ya molekuli ya dolutegravir ikiisha, washindani wa mzalishaji huyo watabaki kuwa viwanda vya Hyderabad vinavyotengeneza viambata vyenyewe na kuhudumia nchi nyingi kwa pamoja. Bei atakayopaswa kuikaribia kwenye zabuni ni chini ya dola 4 kwa kichupa cha mwezi mmoja.