Kujua Wakati wa Kubadili Gia Upepo Ukivuma

Wengi wetu siku hizi twasafiri kwa pikipiki. Waliotufundisha walituambia, "Sikiliza injini, nayo itakuambia wakati wa kubadili gia." Neno hili ni la kweli katika njia za kijijini, lakini katika barabara kuu halitoshi, nasi tulilijua hilo kwa hatari.

Siku moja tulitoka Same kwenda Lushoto. Katika nchi tambarare upepo wa kusi ulitupiga usoni mpaka Mombo, hata hatukusikia kitu ila mvumo. Hapo tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda mlima kuelekea Soni, masikio yetu yakiwa bado mazito. Injini ililemewa katika gia ya nne, wala hatukuisikia. Tulipofika penye kona kali pikipiki ikatetemeka, ikazimika katikati ya njia, na nyuma yetu palikuwa na lori. Dereva wake alikanyaga breki kwa nguvu, likasimama hatua chache tu kutoka kwetu. Tangu siku ile tuliona kwamba yatupasa kujifunza upya.

1. Kwa nini sikio hudanganyika?

Mvumo tuusikiao hutoka hasa katika upepo ugongao kofia na kuzunguka shingoni. Mtu aendapo kilomita 60 kwa saa, mvumo huo waweza kupita desibeli 90, nao huzidi kadiri mwendo unavyozidi. Tena fikirini neno hili: tukienda kilomita 60, na upepo wa kilomita 30 ukija mbele yetu, kichwa hupigwa kana kwamba twaenda 90. Upepo uo huo ukitoka nyuma, kichwa hupata 30 tu. Basi injini husikika sana, nasi twadhani inateseka. Kumbe mara zote mbili injini yazunguka sawasawa! Upepo hausemi habari za injini. Wasema habari zake wenyewe.

2. Ni nini kisichobadilika?

Katika kila gia, mizunguko ya injini imefungamana na mwendo wa gurudumu. Ukiwa katika gia ya tatu kwa kilomita 40, injini huzunguka vile vile, kuwe na upepo au utulivu. Basi chagueni siku tulivu na njia isiyo na watu wengi, mtazame saa ya mwendo, mjifunze kila gia yavuta vema kutoka mwendo gani hata mwendo gani. Kwa pikipiki yetu ya gia tano, katika njia iliyo sawa, twaingia gia ya pili kwa kilomita 15 hivi, ya tatu kwa 30, ya nne kwa 45, ya tano kwa 60. Pikipiki zenu zaweza kuwa na hesabu nyingine. Na mkipanda mlima, au mkichukua mtu na mzigo, msiharakishe kupandisha gia. Na kuishusha, shusheni mapema, kabla ya kona.

3. Mwili usikie mahali pa sikio.

Mikono, magoti na nyayo hazizibwi na upepo. Gia ikiwa kubwa mno, mtasikia mapigo mazito ya polepole katika vikanyagio, na mkiongeza mafuta pikipiki haiendi mbele upesi. Hapo shusheni gia. Ikiwa ndogo mno, usukani hutetemeka upesi upesi hata vidole vyafa ganzi, na mkiachia mafuta pikipiki hurudishwa nyuma kwa ghafula. Hapo pandisheni. Ikiwa ni sawa, mkiongeza mafuta kidogo huitika mara moja, pasipo kutetemeka wala kushtuka.

4. Tulinde masikio.

Wataalamu wa afya ya kazini husema desibeli 85 zavumilika kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu. Basi kwa desibeli 94 imebaki saa 1 tu. Uziwi uletwao na kelele huja polepole, wala haurudi nyuma. Kwa hiyo katika safari ndefu twavaa vizibo laini vya masikio. Wengine huogopa kwamba hawatasikia injini. Lakini sisi tumeona kinyume chake, kwa maana vizibo hupunguza mvumo mkubwa uliokuwa umelilemea sikio, na sauti ya injini hupambanuka. Honi nazo bado twazisikia.

Ndugu, jaribuni mambo haya katika njia fupi kabla ya safari ndefu. Na mfikapo chini ya mlima baada ya mwendo wa upepo, simameni kidogo, vueni kofia, mpumzishe masikio. Sisi pale Mombo hatukusimama.