Marais Wakishatia Saini: Kazi ya Wabunge wa Nchi Jirani

Mkataba wa amani ukishatiwa saini, mama anayevusha beseni la nyanya kutoka Rubavu, Rwanda, kwenda Goma, Kongo, bado anakutana na maswali yaleyale mpakani: ana kitambulisho gani, amelipa ushuru, na geti linafungwa saa ngapi? Ili majibu yawe na uhakika, lazima sheria za pande zote mbili zikubaliane. Hiyo ni kazi ya wabunge.

Jukwaa lipo

Desemba 2006, jijini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu zilitia saini Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo, ulioanza kutumika mwaka 2008. Mwishoni mwa mwaka huo, mjini Kigali, mabunge yao yaliunda Jukwaa la Mabunge la ICGLR, yaani Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ambao Wakongo wengi huuita CIRGL kwa kifupi cha Kifaransa. Sekretarieti ya jukwaa iko Kinshasa. ICGLR ina nchi wanachama 12, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (hapa tunaiita Kongo).

Jukwaa hupitisha mapendekezo, nayo hayaibani serikali yoyote. Yanapata nguvu mbunge anaporudi nyumbani na kuyafanya hoja, muswada au fungu la bajeti.

Kwa nini pande zote mbili?

Mkataba wa 2006 una itifaki 10, na moja inalinda haki ya mali ya watu wanaorejea makwao. Chukua mjane wa Kivu Kusini aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Anarudi na kukuta shamba lake linalimwa na mtu mwingine. Ili arudishiwe, lazima sheria ya Kongo impe haki kama mjane, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vilivyotolewa Tanzania vikubalike huko. Bunge moja peke yake haliwezi kummalizia shida hiyo.

Unachoweza kufanya

1. Uliza kama mkataba umeridhiwa. Tanzania, Bunge ndilo linaloridhia mikataba, kwa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Kongo, ibara ya 214 inataka mkataba wa amani upitie sheria ya bunge.

2. Peleka ombi la maandishi. Kenya, ibara ya 119 inampa kila mtu haki hiyo. Kongo, ibara ya 27 inaitaka mamlaka ijibu ndani ya miezi mitatu. Shika jambo moja tu: mpaka gani, tatizo gani, nani anaumia, na mnataka nini.

3. Andikeni kutoka pande zote mbili. Wafanyabiashara wa Goma na wa Rubavu wakipeleka dai lilelile kwa wabunge wao, hakuna bunge litakalosema kikwazo kiko kwa jirani.

4. Kumbuka Bunge la Afrika Mashariki. Liko Arusha, kila nchi ina wabunge 9 wa kuchaguliwa, na linatunga sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022.

Mbunge wako akirudi kutoka kikao cha jukwaa, mwulize mambo mawili: mmekubaliana nini, na litafika bungeni kwetu lini? Asipoulizwa, makubaliano yataishia kwenye makabrasha, na atakayeumia ni yule anayeishi mpakani.