Hakiki Wategemezi kwa Jina Lako

Wewe ni dalali wa bima. Mteja wako, tuseme kiwanda cha watu 400 Dar es Salaam, analalamika kuwa bima ya afya inapanda kila ikifika siku ya kuhuisha. Kabla hujaenda kuomba punguzo, hakiki wategemezi. Mke aliyeachika, kijana aliyekwisha ajiriwa, binti aliyeolewa: wote bado wanalipiwa.

Huna watu wa kutosha? Ipe kazi kampuni nyingine, ila jina liwe lako. Barua ziwe na nembo yako, simu zipokewe kwa jina lako, ripoti itoke kwako. Wakiharibu, umeharibu wewe. Kwa hiyo soma kila barua kabla haijatoka. Siku ya kwanza piga mwenyewe namba yao ya msaada, usikie wanavyojibu.

Wafunge kwa mkataba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na wao pia, na usajili kwenye Tume inayoisimamia ni lazima. Vyeti vya watoto visizunguke WhatsApp. Kazi ikiisha nakala zifutwe, na wakuandikie kuwa zimefutwa.

Sasa fungua mkataba wa bima. Nani hasa anaitwa mtegemezi? Mtoto anakoma umri gani? Akiwa chuoni je? Wazazi wamo? Usitumie mazoea ya mteja mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, lakini mkataba huenda unalipia mke mmoja tu. Mwenye wake wawili hajadanganya. Mweleze mpaka wa mkataba, kwa heshima.

Wiki mbili za kwanza usiombe karatasi yoyote. Toa nafasi ya kujisahihisha: mwenye mtu asiyestahili amtaje, aondolewe, yaishe. Hakuna adhabu, hakuna maswali, na mwajiri asaini ahadi hiyo. Hatua hii usiiruke hata ukibanwa na muda. Wengi waliandika mtu enzi anastahili, kisha maisha yakabadilika wakasahau. Ukiwaanza kwa vitisho, watajificha.

Barua iwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Watu wa zamu hawafungui barua pepe, kwa hiyo tuma SMS na upitishe ujumbe kwa wasimamizi wao.

Kisha omba vyeti: cha kuzaliwa kwa mtoto, cha ndoa kwa mwenza. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wanahakiki vyeti vya kuzaliwa kwa njia ya mtandao, tumia huduma hiyo. Cheti cha Zanzibar hakitoki RITA, usikikatae kwa kuwa hakifanani na vingine.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtoto shuleni anaitwa Baraka, kwenye cheti ana jina la babu. Ndoa ni ya kimila, mahari ililipwa mbele ya wazee, karatasi hakuna. Mwingine analea mtoto wa marehemu dada yake tangu akiwa mchanga, na anamwita mwanangu kwa haki kabisa. Ukiwa na mafungu mawili tu, anastahili na hastahili, utawaumiza watu hawa. Weka la tatu: anasubiri.

Kaa na kampuni ya bima mapema, kabla barua hazijatoka, mkubaliane nini kitapokelewa badala ya cheti. Kiapo? Barua ya serikali ya mtaa? Amri ya mahakama? Waandike majibu. Kampuni uliyoipa kazi isiamue hayo yenyewe. Mpe mfanyakazi muda wa kufuatilia cheti pia, maana mtoto halali asikose matibabu kwa sababu ya foleni ya ofisini.

Ukifika kwenye kuondoa, tumia tarehe ya mbele. Usirudi nyuma kudai fedha za matibabu yaliyopita, isipokuwa kuna udanganyifu wa wazi, na hapo mwachie mwajiri na mwanasheria wake. Kadi zifungwe siku hiyohiyo, la sivyo hospitali zitaendelea kuhudumia.

Lakini kabla ya kufunga, waombe bima waipitie orodha: nani amelazwa, nani yuko kwenye dialisisi, nani anakaribia kujifungua. Akipatikana mmoja, omba aongezewe muda. Halafu mpigie simu mfanyakazi huyo wewe mwenyewe.