Bunduki Ndogo, Shabaha ya Mbali: Mafunzo Niliyopata South Dakota

Ukivuka mto Missouri kuelekea magharibi, mashamba ya mahindi ya South Dakota yanapungua na malisho ya majani mafupi yanaanza. Huko ndiko anakoishi prairie dog, ambaye si mbwa hata kidogo. Ni jamaa wa kindi, ana uzito wa kilo moja hivi, na huchimba mashimo yanayoenea eneo kubwa. Wenye ranchi hawampendi kwa sababu anakula majani yaleyale ya ng'ombe wao. Wapiga shabaha wanampenda kwa sababu husimama wima mlangoni mwa shimo lake, yadi 100 au 400 kutoka ulipo, na upana wake ni sentimita 8 hadi 10 tu. Kwa ajili yake na wanyama waharibifu wa aina yake, Wamarekani wameunda bunduki za namna ya pekee: mtutu mnene, risasi nyepesi yenye kasi, darubini kali. Mimi ninaishi Sioux Falls, mashariki ya jimbo, na kiangazi huwa ninakwenda huko na rafiki yangu mwenyeji wa Bukavu.

1. Anza na .22, wala usiidharau

Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka mwaka 1887, na sijaona nyingine inayofundisha kama hiyo. Ni rahisi kwa bei, haina kishindo, haisukumi bega, kwa hiyo unaweza kupiga asubuhi nzima bila kuanza kufumba macho kabla ya mlio. Yangu ni CZ 457, inayotengenezwa Uherský Brod huko Czech.

Mgeni akienda dukani huchukua pakiti iliyoandikwa kwamba ina kasi kubwa. Ni jambo la akili, maana nani asiyetaka kasi? Lakini kwa umbali wa yadi 100, risasi ya .22 inayotoka na mita 380 kwa sekunde husukumwa na upepo kuliko ile ya mashindano inayotoka na mita 325 hivi. Mara ya kwanza nilipolisikia hilo nilidhani ni maneno ya vijiweni. Sababu yake ni kwamba upepo hauihukumu risasi kwa muda inaokaa hewani, bali kwa muda inaoupoteza njiani kwa kupunguza mwendo. Iliyotoka kwa kasi kuliko sauti hupunguzwa mwendo kwa nguvu mno inapokaribia kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde. Ile iliyoanza chini ya hapo haina mbio nyingi za kupoteza. Wapiga .22 wa mashindano wanalijua hili, ndiyo maana pakiti zao za bei mbaya ndizo zenye risasi za polepole.

Tahadhari moja: kwenye udongo mkavu risasi ya .22 hudunda na kuendelea na safari. Ng'ombe wakiwa nyuma ya kilima, usipige.

2. .17 HMR ni ya jioni tulivu

Hornady waliitoa mwaka 2002: risasi ya gramu 1.1, zaidi ya mita 770 kwa sekunde. Hadi yadi 150, hewa ikiwa imetulia, ni raha tupu. Upepo ukivuma, gramu 1 ni gramu 1. Sina zaidi ya kusema juu yake.

3. Kasi ni tamu, ila mtutu ndio unaoilipia

Mwaka 1935 Winchester walitoa .220 Swift, iliyorusha risasi ya gramu 3 kwa zaidi ya mita 1,250 kwa sekunde. Hata leo ni chache za dukani zinazoipita. Kisha ikaja .22-250, ambayo mafundi walikuwa wakijitengenezea wenyewe kwa miaka mingi kwa kubana shingo ya ganda la .250 Savage, mpaka Remington walipoifanya risasi rasmi ya kiwandani mwaka 1965. Ukiipiga hutaacha kutabasamu. Hadi yadi 300 inakwenda karibu kama mstari, na kwenye nyasi kavu mlio wa kugonga unarudi kabla hujavuta pumzi.

Tatizo ni moto. Ganda kubwa lenye baruti nyingi linapumulia kwenye tundu la milimita 5.6, na chuma cha koo la mtutu, pale risasi inapoanza kushika mifereji, kinachomeka kidogo kidogo. Kwenye mawindo ya kawaida, mtu anayepiga paa mmoja kwa msimu, mtutu huo utamzika mwenyewe. Kwenye malisho ya prairie dog watu hupiga risasi nyingi kwa siku moja. Baada ya mfululizo mfupi hewa juu ya mtutu inaanza kucheza, shabaha inaogelea ndani ya darubini, nawe hujui tena kama unalenga mnyama au mvuke. Wenye .22-250 waliozoea huja na bunduki mbili na kuzipokezana. Mwenye moja hufungua chemba, huiacha wazi, hula sandwichi.

4. Naipenda inayonionyesha risasi yake

Ukinilazimisha kuchagua moja, nitachukua .223 yenye mtutu mzito. Yangu ni Tikka T3x Varmint, ya Finland. Ikiwa na darubini na miguu miwili ya mbele inakaribia kilo 5, na hilo ndilo lengo lenyewe.

Wengi huipima bunduki kwa kasi yake au kwa udogo wa matundu kwenye karatasi. Mimi nimeishia kuipima kwa swali jingine: baada ya kuvuta triga, naona nini? Kwa bunduki inayoruka, naona anga, halafu nyasi, halafu namsikia mwenzangu anayechungulia kwa darubini yake.

"Imekwenda wapi?"

"Kushoto, kaka. Mnyama mmoja na nusu."

Kwa .223 nzito, darubini haihami. Naona vumbi likiruka mkono wa kushoto wa shimo, naona limeruka kwa umbali gani, narekebisha papo hapo na kupiga tena kabla upepo haujabadili nia. Kila risasi iliyokosa inanipa taarifa. .223 inazidiwa na .22-250 kwa mita 130 kwa sekunde, na sijawahi kuzililia. Risasi zake zinauzwa karibu kila duka la silaha Marekani, kwa sababu ni pacha wa risasi ya kijeshi ya 5.56, na mtutu wake unadumu kuliko wa zile zenye mbio.

5. Soma mtutu kabla ya kununua risasi

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka ili risasi itoke ikijizungusha. Karibu na chemba mara nyingi huwa pamechongwa namba: 1 kwa 14, 1 kwa 12, 1 kwa 8. Maana yake risasi inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 14, au 12, au 8. Risasi ndefu inahitaji mzunguko wa haraka, la sivyo inayumba.

Rafiki yangu wa Bukavu alinunua Savage 110 ya zamani ya .22-250, mali safi, kwa bei ya kirafiki. Ina 1 kwa 14. Mtu akampa pakiti ya risasi ndefu za greini 75 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) akimwambia ndizo zinazoushinda upepo. Ushauri mzuri, ila wa bunduki nyingine. Tulipokwenda kuangalia karatasi, baadhi ya matundu hayakuwa duara; yalikuwa marefu, na ukitazama vizuri unaona umbo zima la risasi iliyopita kwa ubavu, ncha yake huku na kitako kule. Tulirudi kwenye greini 50 na bunduki ikawa malaika.

6. Matundu matatu hayatoshi kuthibitisha

Kipimo cha wapiga shabaha ni dakika ya pembe, ambayo kwa yadi 100 ni sentimita 2.7 hivi na kwa yadi 300 ni 8. Angalia tena upana wa mnyama wetu. Bunduki inayoweka risasi zake zote ndani ya dakika moja inatosha kwa yadi 300, lakini bila ziada.

Sasa kila mtu ana bunduki ya nusu dakika. Utaonyeshwa picha kwenye simu: matundu matatu yanagusana. Mwambie apige kumi bila kuchagua, kwa bunduki ileile, siku ileile. Duara litapanuka, mara nyingi karibu maradufu, na hilo la kumi ndilo bunduki yake halisi.

Hata hivyo, hasara kubwa haitoki kwenye bunduki. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipita kwa ubavu huipeleka risasi ya .223 ya greini 55 pembeni kwa zaidi ya robo mita kwenye yadi 300. Hapo nusu dakika ya majigambo haina kazi. Nimejifunza kutazama mazigazi: ukikuza darubini siku ya jua, hewa juu ya nyasi inaonekana ikichemka. Ikipanda wima, hakuna upepo wa kuvuka. Ikilala na kutiririka kama maji, unavuka, na mwelekeo wake unauona kwa macho. Saa nne asubuhi ndipo inaposomeka vizuri, mchana inachafuka.

7. Ya bei nafuu si mbovu

Mike Walker, aliyeibuni Remington 700 iliyotoka mwaka 1962, ndiye huyohuyo aliyebuni risasi ya .222 mwaka 1950, ambayo .223 ilitokana nayo. Alikuwa mpiga shabaha wa mashindano, na bunduki za nyumbani kwa watu wa kawaida zikafaidi. Savage nao, tangu 110 ya mwaka 1958, hufunga mtutu kwa nati, kwa hiyo mtu mwenye spana na vipimo sahihi anaweza kuubadilisha gereji kwake. Triga yao inayoitwa AccuTrigger, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwalazimisha wengine kuboresha za kwao. Fedha utakayookoa peleka kwenye darubini.

Kwa wanaouliza: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani anaruhusiwa kununua bunduki. Anajaza Fomu 4473 dukani na jina lake linakaguliwa.

8. Bundi, tai na swali la mama

Mama yangu aliniuliza kwa simu, "Huyo mnyama mnamla?"

"Hapana, mama."

"Sasa nani anamla?"

Anayemla ni tai, na mwewe, na koyote. Hapo ndipo penye tatizo, maana risasi ya wanyama waharibifu imeundwa isambaratike, na vipande vya madini ya risasi vikibaki kwenye mzoga vinamtia tai sumu. Kuna pia bundi mdogo mwenye miguu mirefu anayekaa kwenye mashimo hayohayo na kusimama juu ya vichuguu vilevile. Analindwa na sheria, na kwa mbali umbo lake linadanganya. Na kuna jamaa wa kicheche mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake ni prairie dog. Alidhaniwa ametoweka duniani hadi mwaka 1981, mbwa wa ranchi moja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomleta mmoja nyumbani. Kundi kubwa zaidi la walioko porini leo liko bonde la Conata, hapahapa South Dakota, na humo kupiga prairie dog kumepigwa marufuku. Mimi siendi majira ya kuchipua pia, watoto wanapokuwa bado wanategemea mama zao.

Nimeanza kutumia risasi za shaba tupu. Zinagharimu zaidi, na kwa kuwa shaba ni nyepesi, risasi ya uzito uleule inakuwa ndefu, kwa hiyo 1 kwa 8 ya Tikka inazimudu bila shida. Rafiki yangu na 1 kwa 14 yake hana bahati hiyo. Ameshaagiza mtutu mpya, spana anayo.